Mchumia Juani na Ale Kivulini

Wahenga wetu walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Msemo huo ni ahadi: aliyetoka jasho leo, kesho apumzike na ale matunda ya jasho lake. Lakini ziko sehemu za dunia ambako ahadi hiyo imevunjwa kwa muda mrefu, hata watu wakaja kuona kuwa ni jambo la kawaida mmoja kuchuma juani na mwengine kula kivulini. Leo tunapenda kuzungumzia sehemu moja ya namna hiyo, nayo ni mashamba ya mizabibu ya Rasi, kusini kabisa mwa Bara la Afrika, na khasa mlo wa mchana unaoandaliwa huko kwa ajili ya wageni.

Huenda msomaji akauliza: sisi watu wa visiwani tuna nini na mashamba ya mvinyo? Walio wengi miongoni mwetu hawaunywi, na dini yao imeuharimisha. Jawabu letu ni kwamba hatuzungumzii kilichomo ndani ya bilauri. Tunazungumzia meza: nani aliyeiandaa, nani anayeila, na nani anayelipwa. Meza kama hiyo, ijapokuwa haina mvinyo, imekwisha kutandikwa katika mashamba yetu wenyewe ya viungo. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuwatazama waliotutangulia katika kazi hiyo, tuchukue lililo jema kwao na tujiepushe na lililo baya.

Kwanza tuueleze mlo wenyewe. Kiasi cha mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Cape Town yapo mabonde ya Stellenbosch, Paarl na Franschhoek. Huko milima ya mawe imesimama kama ukuta, na chini yake mizabibu imepandwa safu kwa safu. Katikati ya shamba iko nyumba kongwe iliyopakwa chokaa nyeupe, na mbele yake miti ya mialoni, iliyoletwa kutoka Ulaya zama za wakoloni wa mwanzo, imetandaza vivuli vipana. Chini ya vivuli hivyo ndipo zinapowekwa meza. Mgeni hufika kabla ya saa saba za mchana, na aghlabu huondoka saa kumi. Katika muda huo huletewa vyakula kidogo kidogo: mkate wa moto, jibini, mboga zilizochumwa asubuhi katika bustani ya shamba lile lile, samaki au nyama ya kondoo, kisha matunda. Hakuna anayemhimiza ainuke. Anakula, anazungumza na aila yake, anatazama milima, anakula tena.

Basi ni dhahiri kwamba kinachouzwa hapo si chakula peke yake. Kinachouzwa ni utulivu, na utulivu una bei. Wenye mashamba wa Stellenbosch walilitambua jambo hilo zamani. Mwaka 1971 mashamba matatu, Simonsig, Delheim na Spier, yaliongoza katika kuanzisha njia maalumu ya kuwapitisha wageni kutoka shamba moja hadi jengine, kwa kuiga mfano waliouona Ufaransa. Leo njia za namna hiyo zimeenea katika Rasi nzima, na mikahawa ya mashambani imekuwa sehemu kubwa ya utalii wa Afrika ya Kusini.

Hesabu yake si ngumu. Mkulima anayepeleka zabibu zake kiwandani hupokea bei iliyopangwa na mwengine. Anayepeleka mapipa ng'ambo hupambana na nauli ya meli, ushuru na madalali. Lakini mgeni aliyekuja mwenyewe shambani amejilipia nauli, ana fedha mfukoni, na hununua kwa bei ya mwenye shamba. Zabibu moja huuzwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kuwa ni tunda, na mara ya pili kwa kuwa ni mandhari. Sisi tunaoijua karafuu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Tunakumbuka jinsi bei yake ilivyoporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, kuanza kujitosheleza kwa karafuu yake yenyewe. Zao likiuzwa mbali, bei hupangwa mbali.

Hilo ndilo jema, na hatuna budi kulisifu. Sasa tuligeukie lile ambalo mgeni haoneshwi mezani.

Waholanzi waliweka kituo chao Rasi mwaka 1652. Miaka mitatu baadaye walipanda mizabibu, na Februari 1659 wakakamua mvinyo wao wa kwanza. Lakini kabla ya mvinyo huo kukamuliwa, mwaka 1658, walikuwa wamekwisha kuteremsha shehena za kwanza za watumwa. Mashamba yale mazuri, nyumba zile nyeupe na maghala yale ya mapipa yalijengwa kwa mikono ya watu walionunuliwa au kutekwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Bukini na Msumbiji, pamoja na kazi ya wenyeji wa Kikhoi walionyang'anywa malisho yao. Na pwani yetu haikusalimika. Kati ya mwaka 1776 na 1778, meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki zilitoka Rasi zikaja mpaka Zanzibar kununua watu. Kwa hivyo mwananchi wa visiwa hivi anapotazama picha ya mashamba hayo asidhani kuwa anatazama jambo la watu baki. Huenda katika mizabibu ile imo damu ya jamaa zake.

Alama za watu hao zimo hata katika sahani. Chakula mashuhuri cha Rasi, kiitwacho bobotie, ni nyama iliyosagwa, ikatiwa bizari na matunda makavu, ikamwagiwa mayai juu na kuokwa. Mishikaki yao huitwa sosatie, jina lenye asili ya Kimalei. Na pembeni mwa sahani huwekwa atjar, neno ambalo kila mtoto wa Unguja na Pemba atalitambua, kwani ni hiyo hiyo achari yetu, iliyosafiri katika bahari hii hii ya Hindi. Watumwa na watu waliohamishwa kwa nguvu ndio waliotia ladha katika majiko ya mabwana zao. Bwana alikula, akasifu, akakiita chakula cha nyumbani kwake.

Wala haikuwa ladha tu waliyoileta. Mwaka 1694 Waholanzi walimpeleka Rasi Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni aliyepigana nao katika kisiwa cha Java. Walimweka katika shamba la Zandvliet, mbali na mji, ili asisikike. Akafariki huko mwaka 1699, na kaburi lake linazuriwa hadi leo. Waliofuata njia yake walisomesha watoto wao Kurani chini ya utumwa, na katika karne ya kumi na tisa waliandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Huo ndio utu wa watu waliohesabiwa kuwa ni vyombo vya shamba.

Utumwa ulifutwa Rasi mwaka 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale kwa muda wa miaka minne, hadi 1838. Na baada ya hapo minyororo ya chuma ilipofunguliwa, mnyororo mwengine ulibaki. Wenye mashamba walikuwa na desturi ya kuwapa wafanyakazi sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo hafifu, mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Desturi hiyo iliitwa dop. Mfanyakazi aliyezoeshwa ulevi hawezi kuhama, hawezi kudai, na hawezi kuweka akiba. Sheria ilikuja kuikataza, lakini katika baadhi ya mashamba iliendelea kwa miaka mingi baada ya katazo hilo. Athari yake haijakwisha. Uchunguzi wa madaktari umeonesha kwamba katika jimbo hilo idadi ya watoto wanaozaliwa na kilema kilichosababishwa na pombe tumboni mwa mama ni miongoni mwa kubwa kabisa zilizopata kuandikwa duniani. Mnyonyaji alilipa ujira kwa sumu, na deni la sumu hiyo likarithiwa na watoto.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya kale. La, si ya kale. Ni kweli kwamba mwaka 1997, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, ilipitishwa sheria ya kuwakinga wakaazi wa mashambani wasifukuzwe ovyo. Lakini mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu juu ya mashamba ya matunda na mvinyo ya Rasi ya Magharibi, ikieleza makaazi duni, wafanyakazi kukaribiana na dawa za kuulia wadudu bila ya kinga, na watu kutolewa katika nyumba walimokaa umri wao wote. Mwaka uliofuata, wachumaji wa zabibu wa De Doorns waligoma. Kima cha chini cha ujira wao kilikuwa randi 69 kwa siku. Sahani moja ya nyama katika mikahawa mashuhuri ya mashambani ilikuwa ikizidi fedha hiyo. Wafanyakazi walidai randi 150. Mgomo ulienea, watu wakapoteza maisha, na mwishowe serikali ikapandisha kima hicho hadi randi 105, kuanzia Machi 2013.

Tupime basi. Mtu anachuma zabibu kutwa nzima, na ujira wake wa siku haumtoshi kununua sahani moja chini ya mti ulio hatua chache kutoka pale anapochuma. Hapo ndipo msemo wa wahenga unapopinduliwa.

Haki, hata hivyo, inatutaka tuseme kwamba si wenye mashamba wote waliofumba macho. Huko Franschhoek lilikuwapo shamba la Solms-Delta, ambalo mwenyewe aliamua kuwapa wafanyakazi na aila zao sehemu ya umiliki kupitia mfuko wa amana. Liliweka makumbusho ya kueleza habari za watumwa waliolijenga, na mkahawa wake, Fyndraai, ulipika vyakula vya Wakhoi na vya watumwa kwa majani na viungo vilivyopandwa hapo hapo. Mgeni alikula huku akijua anakula jasho la nani. Mwaka 2016 serikali nayo ikaingia katika umiliki. Lakini shamba lilikuwa na mzigo mkubwa wa madeni, na haukupita muda mrefu likaanguka. Funzo lake ni zito kwa kila mtumishi wa serikali: nia njema bila ya hesabu safi haimlishi mtu. Hisa katika shirika lenye hasara ni karatasi tu.

Sasa turudi nyumbani. Mashamba yetu ya viungo huko Kizimbani, Kidichi na Dole hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia. Huoneshwa mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga na karafuu yenyewe. Hunusishwa majani, husokotewa kofia za makuti. Kisha hukalishwa juu ya mkeka wakaletewa pilau, mchuzi wa nazi, mboga na matunda. Mlo huo ni ndugu wa ule wa Rasi, tafauti ni kwamba wetu ni halali kwa kila mtu. Na ardhi yetu nayo ina historia inayofanana na ile. Mashamba ya karafuu yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria hapa mwaka 1897. Lakini sisi tulipata bahati ambayo wachumaji wa Rasi hawakuipata: baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa kwa wananchi, eka tatu tatu. Aliyekuwa akichuma kwa ajili ya mwengine akawa na shina lake.

Je, bahati hiyo tunaitumia ipasavyo? Tunawauliza wahusika maswali machache, na tunayauliza kwa nia njema. Mgeni anapolipa fedha yake mjini au katika hoteli ya ufukweni, ni kiasi gani cha fedha hiyo kinachomfikia mwenye shamba, na nani aliyekipanga? Mama aliyeamka alfajiri kukuna nazi na kupepeta mchele, analipwa kwa sahani, kwa siku, au kwa hisani ya mwenye gari? Mchele, kuku na mboga za mlo huo zimenunuliwa kwa jirani, au zimetoka dukani mjini? Na zile eka tatu, zingali mikononi mwa walizopewa na warithi wao, au zinaponyoka moja moja kwa bei ya chini, ili kesho mjukuu aajiriwe kuwa mchumaji katika shamba la babu yake?

Kwa maoni yetu, mambo manne yanafaa kufanywa bila ya kuchelewa.

La kwanza ni mkataba. Asipelekwe mgeni shambani ila kwa mapatano yaliyoandikwa baina ya mwenye shamba na anayeleta wageni, yakitaja malipo kwa kila kichwa na siku ya kulipa. Masheha na halmashauri za wilaya wana nafasi ya kusimamia jambo hili, na wakulima wasioweza kusoma mikataba wasomewe mbele ya mashahidi.

La pili ni ushirika. Mkulima mmoja mwenye eka tatu hawezi kujadiliana na kampuni yenye magari kumi. Wakulima ishirini wanaweza. Wapishi nao wawe wanachama, si vibarua. Lakini tuikumbuke Solms-Delta: ushirika huo uwe na daftari lililo wazi, ukaguliwe kila mwaka, na usikope kwa ajili ya fahari.

La tatu ni utulivu. Kosa linaloonekana katika safari nyingi za viungo ni haraka. Gari hufika, wageni hutembezwa mbio, hulishwa mbio, na huondoshwa ili gari liwahi safari nyengine. Mwenye gari anapata, mwenye shamba anakosa, kwani mgeni aliyekaa saa tatu huagiza madafu mara ya pili, hununua viungo vya kuchukua, na huuliza habari za mahali. Wenzetu wa Rasi wametajirika kwa kumwacha mgeni akae. Tuwe na mabanda yenye kivuli, maji safi ya kunawa na vyoo vinavyostahiki, kisha mgeni aachwe apumzike. Sisi ndio watu wa mgeni njoo mwenyeji apone. Isiwe mgeni amekuja, mwenyeji akabaki mgonjwa.

La nne ni ukweli. Mgeni aelezwe nani aliyeipanda mikarafuu hii na kwa hali gani. Tusifiche utumwa nyuma ya harufu ya iliki. Mgeni muungwana hakosi hamu ya kula kwa kuujua ukweli. Bali huheshimu zaidi mkono uliomwandalia.

Tunawaambia wakulima wenzetu kwamba serikali haiwezi kukaa shambani kwa niaba yao. Anayetia kidole gumba juu ya karatasi ya kuuza eka yake kwa fedha ya harusi moja anajifungia mwenyewe mlango wa kivulini. Na tunawaambia viongozi wetu kwamba wageni watahesabiwa uwanja wa ndege, lakini faida ya utalii ihesabiwe jikoni kwa mama mpishi na katika daftari la skuli la mwanawe. Mabonde ya Rasi yalipata uzuri wote aliouumba Mola, milima, maji na rutuba, na bado kwa zaidi ya miaka mia tatu mchumaji alisimama juani akitazama wengine wakila. Visiwa vyetu ni vidogo na kivuli chetu ni kimoja. Hatuna sababu ya kumwacha mtu nje.